Filimbi ya mwanzi ya Kijapani: usikilize nini pasipo na mdundo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Unguja, ninasoma Kyoto. Bibi mwenye nyumba ninayopanga amenikatia tiketi ya onyesho la shakuhachi litakalofanyika hekaluni mwezi ujao. Tangazo linasema ni onyesho la kutafakari, basi, halielezi zaidi. Limetaja vipande sita: Choshi, Kyorei, San'an, Tsuru no Sugomori, Shika no Tone na Tamuke. Nimejaribu kusikiliza mtandaoni, dakika chache tu akili ikaenda kwingine. Hakuna mdundo, hakuna wimbo wa kushika, na mara mbili nilidhani rekodi imekatika. Nisikilize nini hasa? Halafu mimi ni Muislamu: je, kukaa pale ni kushiriki ibada yao? Na nikiipenda, naweza kujifunza, au ni ya wanaume?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Niruhusu nianzie pale ulipodhani rekodi imekatika, maana hapo ndipo wengi wanaoisikia shakuhachi mara ya kwanza wanapopotea.

Muziki tuliokulia nao pwani una mapigo yanayotubeba. Taarab ina dumbaki na rika, ngoma ndiyo usiseme, na hata kasida isiyo na ala yoyote ina mwendo unaoweza kuufuata kwa kidole gotini. Vipande ulivyovitaja ni vya aina iitwayo honkyoku, na karibu vyote havina mapigo ya kuhesabika. Kipimo chake ni pumzi. Mpulizaji anavuta hewa, anatoa sauti moja, au tatu, au tano zilizofungamana, pumzi inakwisha, ananyamaza, anavuta tena. Kile kimya cha katikati nacho kina urefu wake, na mpulizaji aliyeiva hukipima kwa uangalifu uleule anaoipimia sauti. Wajapani hukiita ma. Kwa hiyo ukikaa unasubiri wimbo uanze, saa nzima itakwisha ungali unasubiri. Ifuate pumzi. Imeanzaje? Imevimba wapi? Imeisha kwa kukatwa, au imeyeyuka hata hujui imeisha lini?

Hilo la mwisho lina ufundi wake. Kuna namna ya kupuliza inayofananishwa na jani la mwanzi: sauti inaanza nyembamba, inapanuka, kisha inachongoka hadi inatoweka. Huko Hirosaki, kaskazini kabisa mwa kisiwa kikuu, upo mkondo mwingine ambao mpulizaji huisukumasukuma pumzi kwa vishindo vidogo kutoka tumboni, sauti ikawa inatetemeka kama maji. Wanaiita komibuki. Asiyejua atahesabu noti na kuona ni chache mno kwa dakika nane au kumi. Anayejua atakuambia kwamba ndani ya noti moja tu kuna mengi ya kufuatilia: ilitoka chini kidogo ya mahali pake ikapanda, ikatulia, ikaingiwa na hewa, ikatikisika, ikashuka tena.

Ukielewa chombo chenyewe, mambo mengi yatajieleza. Shakuhachi ya kawaida ina urefu wa sentimita 54.5 hivi, yaani shaku 1 na sun 8 kwa kipimo cha kale cha Kijapani. Hukatwa kwenye shina la mwanzi uitwao madake, pamoja na sehemu ya mzizi, ndiyo maana ncha yake ya chini imenenepa na mara nyingi imepinda kidogo. Ina matundu 5 tu, 4 mbele na 1 nyuma la kidole gumba. Haina kipulizio kama filimbi za shuleni. Juu imechongwa mshazari, na midomo ya mpulizaji ndiyo inayoielekeza hewa igonge ukingo huo. Kama uliwahi kukaa karibu na mpiga nai katika kundi la taarab utauona undugu: nai nayo ni bomba lililo wazi, na sauti yake haitengani na hewa inayoizaa. Tofauti ni kwamba nai husindikizwa na ganuni, udi na fidla, hali shakuhachi katika honkyoku huachwa peke yake.

Matundu 5 hutoa noti tano, kwa shakuhachi ya kawaida ni re, fa, sol, la na do. Nyingine zote hutoka kwenye kidevu na kwenye vidole vinavyoziba tundu nusu. Mpulizaji akiinamisha kichwa, sauti inashuka na kufifia. Hiyo huitwa meri. Akikiinua, inapanda na kung'aa. Hiyo ni kari. Hapa ndipo ninapotaka ukaze sikio zaidi ya popote. Katika fluti ya Kizungu mwanafunzi hufundishwa miaka mingi ili noti zake zote zilingane kwa nguvu na rangi. Shakuhachi haitaki ulinganifu huo. Noti ya meri ni nyonge kwa makusudi, ina ukungu, na mara nyingi hufuatiwa na noti ya kari iliyo wazi kabisa. Kutoka gizani kwenda kwenye mwanga na kurudi, ndani ya pumzi moja: huko ndiko kunakofanya kazi ambayo kwetu hufanywa na mahadhi.

Yako mambo yatakayokushtua ukadhani amekosea. Atapuliza ghafla kwa kishindo hadi hewa inapasuka na noti inakaribia kuzama ndani yake. Ni muraiki, na imepangwa. Atatikisa kichwa ubavuni au juu na chini. Ni yuri, anaitikisa sauti. Hutasikia akigonga noti kwa ulimi kama wafanyavyo wapiga tarumbeta. Akitaka noti ileile irudie, hupigapiga tundu kwa kidole, na sauti hukatika kwa kidoko kidogo sana. Pia utasikia akivuta hewa. Wapo wanaovuta kwa siri, wapo wanaokuachia uisikie. Mimi nawapenda hao wa pili, lakini hilo ni la ladha.

Sasa kwa nini muziki uwe hivi? Kwa sababu honkyoku hazikutungwa kwa ajili ya msikilizaji. Hili ndilo jambo moja ningependa uingie nalo mlangoni kuliko mengine yote niliyokuandikia.

Shakuhachi iliingia Japani kutoka China, na katika hazina ya Shosoin mjini Nara zimehifadhiwa nane za karne ya 8, zenye matundu 6, zilizotumika katika muziki wa kasri. Hizo zilikwisha zamani. Hii unayokwenda kuisikia ni ya zama za Edo, kuanzia 1603 hadi 1868, na wenyewe walikuwa komuso, watawa wa dhehebu la Fuke katika Ubuddha wa Zen. Bila shaka umeona picha zao huko Kyoto: mtu amevaa kanzu, kichwa chote kimefunikwa kwa kofia ya kikapu inayoshuka hadi mabegani, filimbi mdomoni. Wengi wao walikuwa samurai waliobaki bila mabwana baada ya vita vya kuunganisha nchi, na dhehebu lilipokea watu wa tabaka hilo tu. Walizunguka wakipuliza milangoni na kupewa sadaka, na walikuwa na ruhusa ya kusafiri ambayo raia wa kawaida hakuwa nayo. Hati waliyoionyesha kuwa ndiyo msingi wa haki hizo, yenye tarehe ya 1614, watafiti wanaiona kuwa ya kughushi. Ila serikali ya ukoo wa Tokugawa, uliotawala zama hizo, iliwaacha waendelee nayo muda mrefu, na ndani ya kivuli hicho muziki huu ukakomaa.

Kwao kupuliza kulikuwa mazoezi ya roho, suizen, badala ya kukaa kimya na kutafakari kama wafanyavyo Wazen wengine. Hakuna hadhira katika zoezi la namna hiyo. Kipande kilikuwa kirefu kadiri ya pumzi ya mwenye kupuliza, na hakikulazimika kumpendeza mtu mwingine. Kila hekalu lilikuwa na vipande vyake, na namna yake ya kuvipuliza. Kurosawa Kinko, aliyeishi 1710 hadi 1771, ndiye aliyezunguka akavikusanya na kuvisafisha. Mkusanyo wa mkondo wake una vipande 36, na mkondo huo wa Kinko uko hai hadi leo. Mwaka 1871 serikali mpya ya Meiji ikalipiga marufuku dhehebu la Fuke. Shakuhachi ingeweza kufa siku hizo. Iliokolewa na walimu waliojitetea kwamba wao ni wanamuziki, akiwamo Araki Kodo wa pili, na walioipeleka mbele kama ala ya kupigwa pamoja na koto na shamisen, ala za nyuzi za Kijapani. Nakao Tozan naye alianzisha mkondo wake Osaka mwaka 1896, akiandika vipande vipya vyenye mpangilio wa kisasa. Jukwaa, tiketi, viti na programu iliyochapishwa ni mambo ya baada ya hapo.

Kwa hiyo ulipochoka mbele ya rekodi hukuwa na upungufu wowote wa sikio. Ulikuwa unausikiliza muziki ambao hapo mwanzo haukumjali msikilizaji. Katika onyesho zuri, mpulizaji anakuruhusu ukae karibu na jambo ambalo angelifanya hata kama ukumbi ungekuwa mtupu. Ukilipokea hivyo, utaacha kungoja aje kukuburudisha.

Twende kwenye vipande vyako, maana aliyeipanga programu hii anajua kazi yake.

Choshi ni kifupi, cha kufungulia. Mpulizaji anaijaribu filimbi, pumzi na hewa ya chumba. Kitumie nawe kuzoea sauti ya mahali hapo, usitafute kingine.

Kyorei, kengele tupu, ni mojawapo ya vipande vitatu vinavyoheshimiwa kuwa vya kale kuliko vyote. Vingine ni Mukaiji na Koku. Masimulizi yake ni haya. Katika China ya enzi ya Tang alikuwepo mtawa wa ajabu aitwaye Puhua, ambaye Wajapani humwita Fuke, aliyekuwa akizunguka mitaani akipiga kengele ya mkononi. Mtu mmoja alimwomba awe mwanafunzi wake, akakataliwa. Basi akachonga filimbi ya mwanzi aige mlio wa kengele ile. Masimulizi hayo yamo katika kitabu Kyotaku Denki kilichochapishwa 1795, na wanahistoria wengi wanaamini kuwa yalibuniwa na komuso wenyewe ili wajipatie nasaba. Sidhani hilo linakipunguzia kipande hiki thamani. Ukisikiliza utaona kinakaa karibu muda wote kwenye sauti za chini, hakina mapambo, pumzi baada ya pumzi. Hiki ndicho kitakachokujaribu. Akili itaondoka, ikiondoka, irudishe kwenye pumzi inayofuata, usijigombeze. Kama unaweza, toa pumzi pamoja naye. Moyo wa mtu hupunguza mwendo anapotoa hewa na kuuongeza anapoivuta, na mtu anayetoa pumzi ndefu kwa nusu saa hutulia mwilini hata kama kichwa chake hakijakubali.

San'an ni kipande cha kuombea uzazi salama. Hapo utasikia mahadhi yanayoshikika kidogo, yanayopanda ngazi kwa ngazi hadi kilele chenye nguvu, kisha yanashuka. Wengi wanaoona Kyorei ni kavu hufunguka hapa.

Tsuru no Sugomori ndicho kinachojulikana zaidi duniani, na hata nje ya dunia: rekodi yake iliyopulizwa na Yamaguchi Goro imo katika sahani ya dhahabu iliyobebwa na vyombo vya anga vya Voyager vilivyorushwa 1977, ambavyo vyote viwili vimeshatoka nje ya mipaka ya upepo wa jua. Kinasimulia korongo wanaojenga kiota, wanalea makinda, kisha makinda wanaruka na kuwaacha. Kuna matoleo mengi, kila mkondo na lake. Sikiliza vidole vinapofungua na kufunga matundu ya chini kwa kupokezana, sauti ikawa kama mabawa yanayopigapiga. Huo ufundi huitwa korokoro, kwa mlio wake. Kisha sikiliza pale sauti inapokwaruza kooni. Hiyo ni tamane, mpulizaji anautikisa ulimi au koo wakati anapuliza. Katika programu yako hiki ndicho kipande chenye picha za wazi kabisa, na hakuna ubaya kuzifuata picha hizo. Kuna wapenzi wa shakuhachi watakaokuambia mtu asifikirie korongo, asikie sauti tu. Sikubaliani nao. Waliokipa jina walijua wanachokifanya.

Shika no Tone ni mlio wa kulungu wa mbali, na hiki ni cha filimbi mbili. Madume wawili wanaitana milimani wakati wa vuli. Mara nyingi wapulizaji hukaa mbalimbali, mmoja mbele na mwingine upande wa pili wa chumba au nyuma ya pazia, kwa hiyo usigeuke kumtafuta. Iache sauti ikufikie ilipotokea. Baada ya vipande vinne vya mtu mmoja, utashangaa jinsi sauti ya pili inavyokigeuza kimya kuwa umbali. Na kwa kuwa uko Kyoto, panda treni uende Nara vuli hii. Katika bustani ya Nara kulungu huzurura huru, na tangu Septemba hadi Novemba madume hulia kwa sauti nyembamba, ndefu, inayovunjika mwishoni. Ukiisikia hiyo utakielewa kipande hiki kuliko ninavyoweza kukueleza. Ukienda mwishoni mwa Oktoba utakuta pia maonyesho ya kila mwaka ya vitu vya Shosoin katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Nara. Kila mwaka huteuliwa vitu vichache tu kati ya vingi vilivyomo, na hata mwaka ambao filimbi hazimo, inafaa.

Tamuke hupulizwa kwa ajili ya waliofariki. Wapulizaji wengi hukitumia kuwakumbuka walimu wao. Ni cha polepole, na ndani yake kuna noti za meri zinazofifia mno hata utainama ili usikie. Sina maelekezo ya kukipokea. Kila mtu ana wafu wake.

Kabla ya siku yenyewe jiandae kidogo, wala si kwa kusikiliza saa nyingi. Chukua kipande kimoja tu, Tsuru no Sugomori, ukisikilize kwa watu tofauti. Yamaguchi Goro, aliyeishi 1933 hadi 1999, ni wa mkondo wa Kinko: mpole, mwenye usafi wa ajabu, kila noti mahali pake. Yokoyama Katsuya, wa 1934 hadi 2010, ana nguvu na uzito. Ndiye aliyepuliza shakuhachi New York mwaka 1967 katika onyesho la kwanza la November Steps, utunzi wa Toru Takemitsu, mbele ya okestra nzima ya Kizungu. Baada ya hao mtafute Watazumi Doso, wa 1911 hadi 1992, mwalimu wa Yokoyama, kwa kipande chochote kile. Yeye alipuliza mianzi mirefu isiyopakwa ndani lakri, ile rangi ya kulainisha, na hakutaka hata iitwe shakuhachi. Sauti yake ni ya porini. Ukishawasikia watatu hao, sikio lako litakuwa limejua kwamba noti ni zilezile na watu si walewale, na hapo hutachoka tena upesi. Tumia vipokea sauti vya masikioni. Spika ya simu inaimeza hewa yote na kukuachia mifupa.

Kuhusu dini nitakuambia ninachokijua, na nisichostahili kukisemea nitakiacha. Dhehebu la Fuke lilifutwa 1871. Leo honkyoku hupulizwa na watu wa kila namna: watawa, Wabuddha wa kawaida, Wakristo, wasio na dini, ndani na nje ya Japani. Kwa baadhi yao ni mazoezi ya kiroho hadi leo, na kwa wengine ni sanaa. Onyesho likifanyika katika ukumbi wa muziki huwa ni muziki tu. Likifanyika hekaluni, kama lako, huenda likatanguliwa na watawa kusoma sutra, yaani maandiko ya Kibuddha, kufukiza ubani na kuinama mbele ya sanamu. Hakuna atakayekulazimisha kufanya lolote kati ya hayo. Mgeni anayekaa kimya na kwa heshima haonekani kuwa amekosa adabu. Ikiwa hata kuwapo wakati huo kunakusumbua, mwombe bibi akuulizie kwa waandaaji saa ambayo muziki wenyewe unaanza, uingie wakati huo. Ni ombi la kawaida, na Wajapani wanapenda mambo haya yasemwe mapema kuliko mtu kutoka katikati. Ama hukumu ya muziki na ya kuingia mahali pa ibada ya wengine, wanavyuoni wametofautiana, na huyo wa kumuuliza ni sheikh unayemwamini. Mimi ni mwalimu wa filimbi.

Harufu itakayokupokea mlangoni, hata hivyo, huenda ukaijua. Jinko inayofukizwa katika mahekalu ya Japani ni udi, mti uleule wanaofukiza mama zetu Unguja, na tangu kale ulifika Japani kwa bahari kutoka Kusini-Mashariki mwa Asia. Ila siku hiyo wewe usijifukize wala usijipake manukato makali, chumba kitakuwa kidogo.

Mengine ni ya adabu na hayana uzito. Fika mapema, kwani aliyechelewa hungojeshwa nje hadi kipande kiishe. Utavua viatu, basi soksi ziwe nzima. Usijilazimishe kukaa kwa kukunja magoti kama wenyeji. Baada ya dakika ishirini miguu itakufa ganzi na hutasikia kingine. Omba kiti, vipo kila mahali. Simu izime kabisa, usiiache kwenye mtetemo. Katika maonyesho ya namna hii mara nyingi watu huombwa wasipige makofi kati ya vipande, wafuate wenyeji. Na ukisinzia hakuna aibu, maadamu hukoromi. Bibi mwenyewe pengine atasinzia.

Swali lako la mwisho limenifurahisha. Zama za komuso shakuhachi ilikuwa ya wanaume, tena wa tabaka moja. Hilo limepita. Leo kuna wanawake wanaoipuliza kwa ustadi mkubwa na wanaofundisha, na wageni pia: Riley Lee, Mmarekani anayeishi Australia, mwaka 1980 alikuwa mtu wa kwanza asiye Mjapani kupewa daraja la dai shihan, mwalimu mkuu. Kama mikono yako ni midogo, unaweza kuanza na filimbi ya shaku 1 na sun 6, ambayo matundu yake yamekaribiana zaidi na sauti yake iko juu kidogo. Usinunue ya mwanzi mwanzoni. Ni ghali, na mwanzi hupasuka hewa ikiwa kavu, ukisafiri nayo hasa. Zipo za plastiki zinazotosha kabisa kwa mwanafunzi, na ziko za mbao.

Tegemea ugumu. Wajapani wana msemo kwamba kutikisa kichwa ni miaka mitatu na korokoro ni miaka minane. Siku za kwanza utapuliza na kitatoka upepo tu. Kizunguzungu kikija, kaa chini upumzike. Sauti ya kwanza ya kuitafuta ni ro, ile inayotoka matundu yote yakiwa yamezibwa, na walimu wengi huwataka wanafunzi waipulize hiyo peke yake kila siku kabla ya jambo jingine lolote. Noti huandikwa kwa herufi za katakana, ro, tsu, re, chi, ri, kutoka juu kwenda chini na kulia kwenda kushoto, kwa hiyo Kijapani unachosoma darasani kitakufaa tangu somo la kwanza. Jambo moja la kuuliza kabla hujalipa ada: katika mikondo mingi, Kinko ikiwamo, honkyoku hufundishwa baadaye sana, baada ya vipande vingi vya kupiga pamoja na koto na shamisen. Wapo walimu, hasa wa mkondo wa Myoan ambao makao yake ni hekalu la Myoanji karibu na Tofukuji hapohapo Kyoto, ambao msingi wao ni honkyoku. Vyote viwili ni vyema, ila mwambie mwalimu mapema ni kipi kilichokuleta.